Kidole cha Mwalimu Yona

Mwalimu,

Shikamoo. Najua huitikii. Nakuamkia hivyo hivyo, maana hata ulipokuwa hai kuna siku hukuitikia. Ulishika karatasi kwanza, ukasoma ukurasa mzima, ndipo ukakumbuka kwamba mbele yako amesimama mtu.

Kaburi lako limeanza kutitia upande wa miguu. Mvua ilinyesha mara moja tu ikakata, halafu upepo ukarudi, ule wetu usio na adabu, na mashada ya plastiki yameshapauka kwa jua na vumbi. Daudi, mwanao mkubwa, amesema watajengea baada ya kuuza alizeti. Mimi kwenye hilo sina sauti. Dukani kiti chako kipo palepale, kati ya mashine ya fotokopi na dirisha, na wateja wanakikalia. Mwanzoni niliwafukuza. Sasa nimechoka.

Sikuandikii ili nikulilie. Kulia nimeshalia, na wewe machozi kwenye karatasi uliyachukia. Nakuandikia kwa sababu ulinifundisha kwamba kazi ya mtu husomwa mbele yake, siyo pembeni na majirani, na kwamba mwenye kazi akisomewa hajitetei. "Funga mdomo," uliniambia. "Mtu akiisoma hadithi yako akiwa Dodoma, utapanda basi uende kumweleza ulichomaanisha?" Basi leo ni zamu yako. Nimeusoma wasifu wako uliosomwa makaburini. Niliuchapa mwenyewe. Una kasoro moja, na nimekuja kuisema. Wewe hutajitetea. Kanuni ni yako.

Tulikutana kwa sababu ya wasifu mwingine. Nilikuwa na miezi michache tu pale Kiomboi, nachapa kazi za watu kwenye duka la steshenari la yule mzee niliyemwita bosi. Wafiwa walikuja na majina na tarehe kwenye kikaratasi, na bosi alikuwa na wasifu mmoja kwenye kompyuta ambao aliutumia kwa kila marehemu. Anabadilisha jina, anachapa, kazi imekwisha. Siku hiyo alisahau kubadilisha sehemu ya katikati. Mzee wa watu, mfugaji, mwenye sharubu zake, akasomwa mbele ya kaburi kwamba alikuwa mama wa mfano na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Watu waling'ata kanga zao wasicheke. Mjane hakucheka.

Kesho yake uliingia dukani umekunja karatasi ile mkononi. Bosi alitorokea mlango wa nyuma. Mimi nikabaki. Hukugomba. Ulikaa, ukaisoma yote kwa sauti, ukaniuliza, "Ukitoa hiyo habari ya akina mama, huyu marehemu ni nani? Mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu. Nimezika wacheshi wilaya nzima. Huyu ni nani?"

Nikasema sijui.

"Basi usiandike kabla hujajua." Kisha ukaniuliza jina langu na kwetu. Nikasema Rehema, wa Mgori. Ukavua miwani. Ukaniuliza mama yangu ni nani, nikakwambia ni Mariamu, aliyekuwa mpishi shuleni, na kwamba alikuwa ameshafariki. Uliifuta miwani ile kwa pindo la shati mpaka nikadhani utaitoboa. Halafu ukaivaa, ukaishika tena karatasi, ukasema, "Sentensi hii ya tatu ni ndefu mno."

Mimi nilikuwa najua wewe ni nani. Mama aliniambia alipokuwa anaumwa: "Baba yako ni mwalimu mmoja Mnyiramba, Yona, aliyefundisha hapa Mgori ujana wake, akahamishiwa kwao Kiomboi kwenye mke na mtoto, na mimi nilikuwa na mimba yako." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeelekeza njia. Mama mdogo alipoolewa Kiomboi akanitafutia kazi, sikuja kukutafuta, Mwalimu, lakini sikuja kukukwepa pia. Na kuanzia siku ile ya miwani nilijua kwamba na wewe unajua.

Hatukulisema. Badala yake ukawa unakuja kila siku ya mnada, ukishauza kuku wako, unaniuliza, "Umeandika nini?"

Uliniwekea sinia la choroko mapajani. Mwandishi achague choroko, msomaji asome. Mikono ikiwa na kazi, ulisema, mdomo hutulia. Ulisoma kwa sauti ile ya darasani, taratibu, bila kunionea huruma, na ulipofika mahali pasipokaa sawa uligonga meza kwa kidole cha shahada. "Rudia hapo." Narudia sentensi yangu kwa kichwa. Unagonga. Narudia tena, na mara nyingi kosa nililisikia mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Kalamu nyekundu hukuitumia kamwe. Ulisema nyekundu ni ya mitihani, na hadithi haifeli, inaumwa tu. Uliweka alama kwa penseli, kinukta kidogo pembeni, ili nikitaka kukukatalia niifute.

Hadithi ya kwanza niliyokuletea ilikuwa ya msiba wa mama. Niliandika kwamba machozi yalinitiririka kama mto. Ukagonga. "Mto gani? Mito ya kwetu mwezi wa sita ni mchanga mtupu. Mama yako alikufa mwezi gani?" Mwezi wa nane, nikasema. "Basi hulii mto. Unalia nini?" Nilikuchukia siku ile. Nilirudi nyumbani nikakaa na swali lako, na nikakumbuka kwamba siku tunamzika mama sikulia kabisa. Nilikuwa nahangaika na sufuria la kuazima ambalo lilikuwa limepotea. Nikaandika sufuria. Uliposoma hukugonga popote. Uliniuliza tu, kama ulivyouliza kila mara uliposhuku kitu, "Ulikuwepo?"

Nilikuwepo, Mwalimu. Nilitaka kukurudishia swali hilohilo, nikainama kwenye choroko.

Ulinijenga, siwezi kusema uongo. Kabla yako nilisifiwa tu, na sifa hazikunifundisha kitu. Wewe ulinisomea kana kwamba ninachoandika kina uzito. Mwanamke mmoja mzee wa kwetu Mgori alikuja siku moja kutoa fotokopi, ukamwamkia kwa Kinyaturu safi, hata akacheka kwa mshangao akakuuliza umekipatia wapi. Ulisema, "Nilikiokota njiani." Sinia lilikuwa mapajani mwangu. Niliendelea kuchagua.

Uliona kila kitu kwenye hadithi zangu isipokuwa kimoja. Baba. Kwenye kila hadithi nilimweka baba, na kila baba alikuwa amekufa, au ameenda migodini, au yupo chumba cha pili amelala. Penseli yako iliwaruka wote. Ilikuwa inafika kwa baba inanyanyuka, inatua sentensi ya mbele. Mpaka siku ile ya hadithi ya fundi baiskeli. Ukagonga. Nikarudia. Ukagonga. Ukasema ukiwa unaangalia karatasi, "Baba huyu hana jina. Msomaji atamshika wapi?"

Nilivunja kanuni. Nikajibu. "Jina analo mwenyewe, Mwalimu."

Ukainama ukapuliza makapi kwenye sinia, na makapi hayakuwepo. Nilikuwa nimeshayatoa.

Baadaye wastaafu wakapanga mkutano wao, wakataka kila mmoja aeleze safari yake ya ualimu. Ukaniletea yako. Ukakaa kwenye kiti, ukajiwekea sinia mwenyewe, ukasema, "Nisomee bila aibu." Nikasoma. Iliandikwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kuchapa dukani pale. Umetoka chuo cha ualimu, na sentensi inayofuata uko Kiomboi, unafundisha, una nyumba ya bati. Nikagonga meza. Nikasoma tena. Nikagonga. Nikasema, "Kati ya chuo na Kiomboi kuna miaka haipo hapa, Mwalimu."

Na wewe uliyefunga midomo ya wanafunzi miaka yote ukafungua wako. "Haina umuhimu. Hakuna lililotokea."

Lililotokea ni mimi. Nilikuwa nimekaa mbele yako.

Ulikunja karatasi zako ukaondoka na penseli yangu. Minada ikapita hukuja. Watu wakaniuliza mzee wako yuko wapi, nikawaambia ana shughuli. Halafu ukatokea mchana mmoja na jogoo kwapani, mwekundu, mkubwa, ukamweka juu ya meza ya kompyuta, akaninyea kwenye karatasi za mteja. Hukuomba radhi, na mimi sikuidai. Kwetu mtu akikuletea jogoo namna ile ameshasema. Lakini nilipokuchapia ile safari yako ya ualimu, Mgori bado haikuwepo. Nilimchinja jogoo, nikamla na mama mdogo, alikuwa mtamu, na nililia nikimtafuna.

Kisha kiharusi kikakuchukua mdomo na upande wa kulia. Nilikuja hospitalini kama mtu wa steshenari aliyekuja kumwona mteja wake. Mama Daudi alikuwa ameketi miguuni pako akimenya chungwa. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kiti. Nikatoa kwenye mkoba hadithi ya fundi baiskeli niliyokuwa nimeiandika upya, nikaanza kukusomea. Nilifika kwa baba. Nilikuwa nimempa jina. Nilisema, kwa sauti yako ile ya darasani, kwamba aliitwa Yona.

Kidole cha mkono wa kushoto kikagonga kitanda.

Nikarudia. Kikagonga. Nikarudia tena, Yona, na kikagonga tena, polepole, na macho yako yalikuwa kwenye dari. Mama Daudi aliacha kumenya. Ndipo Daudi akaingia, akasema, "Dada, mwache mzee apumzike." Nikakusanya karatasi. Mpaka leo sijui ulikuwa unanisahihisha au ulikuwa unataka tu kulisikia tena. Nimejiuliza nikiwa nachapa, nikiwa nafua. Siku chache baadaye ukafa.

Daudi alikuja dukani macho yamemwiva, na karatasi ya mkono. Wasifu wako. Nilimpa pole, nikamkalisha kwenye kiti chako, nikasoma. Marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu. Nikahisi kama umegonga meza. Nikamwambia, "Kaka Daudi, huyu ni nani? Mimi huyu simjui." Alinikasirikia. Alisema hakuja kufanyiwa mtihani, baba yake yuko kwenye jokofu. Nikamwacha amalize. Kisha akajifuta uso akasema, "Sawa. Wewe ungeandikaje?" Tukafuta mcheshi. Tukaandika kwamba alisoma kazi za watu kwa sauti mbele yao, akawauliza kama walikuwepo. Kwamba alichukia mito inayotiririka mwezi wa nane. Kwamba akikosa hasemi samahani, analeta jogoo. Daudi alicheka, kamasi zikamtoka. Akasema, "Ndiye. Ndiye kabisa." Nilimpenda dakika ile. Kaka ni neno la kila mtu, hata kondakta tunamwita kaka, na ndiyo maana niliweza kulisema bila kuzuiwa.

Tukafika mwisho. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu.

Mikono yangu ikasimama. Nikasema, "Hapa kuna kitu kimeachwa."

Hakuuliza ni kitu gani. Aliangalia mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini, "Andika kama ilivyo, dada. Kamati imeshapitisha. Mama hajui kitu na ana presha. Usituharibie msiba."

Kwa hiyo alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua. Mimi nilikuwa siri ambayo kila mtu alikuwa amepewa bila ruhusa ya kuitamka. Nikachapa watoto watatu. Vidole hivi hivi ulivyovifundisha. Nikatoa nakala za kutosha waombolezaji wote, na printa ikazitema moja baada ya nyingine, watatu, watatu, watatu, na mimi nazipanga.

Makaburini watu walicheka kwenye jogoo na kulia kwenye "ulikuwepo". Ungependa. Kisha mwongoza ratiba akaanza kuita watu wa kutupa udongo. Akaita mjane. Akaita watoto wa marehemu, wakasimama watatu. Nilikuwa nimevaa viatu vizuri, Mwalimu. Sijui kwa nini nakwambia hili. Nilikuwa nimevifuta asubuhi kana kwamba naitwa. Akaita wajukuu, akaita ndugu, akaita majirani, akaita viongozi wa kata. Mwisho kabisa akaita wanafunzi wote wa marehemu, tukaenda kundi zima tukisukumana, na udongo wangu sikuuona ulipoangukia.

Matanga yalipokwisha, Mama Daudi alikuja dukani peke yake. Karatasi ya wasifu ilikuwa imekunjwa ndani ya kitenge. Akakaa kwenye kiti chako. Nilikuwa bado sijagusa kitu chako hata kimoja pale, sinia lilikuwa juu ya kabati, akaliona, akaomba nimteremshie. Akajiwekea mapajani likiwa tupu.

"Nisomee," akasema. "Kwa sauti, kama mlivyokuwa mnafanya na mzee."

Nikasoma. Alitulia kwenye yote, hata jogoo hakumchekesha. Nikafika mwisho. Ameacha mjane, watoto watatu.

Akagonga sinia kwa kidole. "Rudia hapo."

Nikarudia, watoto watatu. Akagonga. Nikarudia. Akagonga kwa nguvu, sinia likalia. Nikamwangalia. Macho yake yalikuwa makavu. Nikasoma, "Ameacha mjane, watoto wanne."

Kidole kikatulia.

"Miaka ile alipokuwa Mgori, mimi nilibaki hapa na Daudi mgongoni," akasema. "Mnafikiri mwanamke hajui? Nilimsubiri anieleze. Nimemsubiri mpaka nimemzika." Akalifuta sinia kwa kiganja. "Mama yako amezikwa wapi?"

"Mgori, Mama."

"Alizikwa vizuri?"

"Vizuri."

"Haya. Chapa hivyo ulivyosoma. Moja tu, ya kwangu. Daudi asiione, ana hasira za baba yake."

Nikachapa moja. Aliikunja akaiweka palepale ndani ya kitenge, akaacha ile ya zamani juu ya meza. Hakunikumbatia wala hakuniita jina jipya. Mlangoni aligeuka akasema choroko za mwaka huu zina wadudu, nikinunua nizianike kwanza. Basi. Hiyo ndiyo karatasi pekee duniani iliyonihesabu, na iko kwenye nyumba nisiyoweza kuingia bila kubisha hodi.

Sasa kasoro yako. Ulinifundisha kwamba ukiisoma kazi ya mtu unaanza na kinachosimama vizuri, ndipo kasoro, kwa hiyo naanza nacho: ulikuwa msomaji hodari kuliko wote niliowajua. Ulinisikia pale ambapo mimi mwenyewe sikujisikia. Kilichobaki ni hiki. Uliwadai watu wote ukweli, wewe ukaruka ukurasa. Ulimwachia mkeo akusubiri, ukamwachia Daudi aseme uongo kwa niaba yako akiwa na uchungu wa msiba, ukaniachia mimi nijifute kwa vidole vyangu. Nilipozaliwa, ulikuwepo? Mama alipokuwa anakohoa nyumba nzima inamsikia, ulikuwepo? Ulikuwepo kwenye siku za mnada tu, na ulinipa choroko nizichague ili nisikuulize. Nakushukuru na nina hasira na wewe, na nimejaribu kuviandika kimoja kimoja vikakataa kutengana.

Watu bado wanakuja na wasifu wao dukani. Bosi amenikabidhi kazi hiyo yote. Nawawekea sinia, nawasomea kwa sauti, nawauliza huyu ni nani. Wengine wanaudhika wanahamia duka la stendi. Wengi wanarudi. Na kila tukifika kwenye watoto nasimama, namwangalia mfiwa usoni, nauliza, "Ni hawa tu?" Nimeona watu wazima wakigeuka kuangalia mlangoni. Nimeona mmoja akirudi kutoka nje, akaniambia ongeza mwingine, jina lake ni hili.

Nakuahidi kitu kimoja. Ile miaka uliyoiruka nitaiandika mimi. Nitaenda Mgori, niwaulize waliokula wali aliopika mama na waliosoma kwako, na nitakuandika kwa jina lako. Sitakufanya mcheshi. Sitakufanya shetani pia. Nikimaliza nitaileta hapa nikusomee.

Nimekusomea barua hii yote kwa sauti, nimekaa kwenye jiwe upande wako wa kushoto, kwenye mkono ule uliobaki mzima. Nimesubiri kidogo, kwa mazoea. Ni upepo tu, na mashada yanagongana.

Kwaheri, Baba. Hapo sirudii.

Rehema wa Mariamu